Nasoma hadi saa nane usiku, nikifika mtihanini kichwa cheupe

"Shikamoo daktari. Nipo mwaka wa kwanza katika chuo kikuu kilichopo mji mdogo. Huku hakuna pilikapilika, kwa hiyo muda wangu wote ni kusoma. Nikitoka darasani naingia maktaba hadi wafunge, kisha naendelea chumbani kwa kahawa mpaka saa nane au tisa usiku. Desa moja nalisoma mara nne, mara tano, napigia mistari kwa kalamu ya rangi, na nikilala najua kabisa kwamba nimeelewa. Nikifika mtihanini, kichwa cheupe. Muhula uliopita nimepata sapu mbili, na moja ni ya takwimu, somo ambalo nilifanya mazoezi yote ya mwisho wa kila sura. Mwenzangu wa chumbani analala saa nne, anasoma labda saa tatu kwa siku, na kafaulu yote. Rafiki mmoja anasema mimi ni mtu wa kujifunza kwa kuona, nitafute video. Mwingine ananishawishi ninunue vidonge vya kumbukumbu. Wikiendi wengi huenda makwao, chuo kinabaki kimya, nami nawaza labda ubongo wangu si wa chuo kikuu, bora niache kabla sijadisko, yaani kabla sijaondolewa chuoni kwa kufeli. Nyumbani sijawaambia kuhusu sapu. Zimebaki wiki sita niirudie mitihani hiyo. Je, nina ugonjwa wa kusahau?"

Marahaba, mdogo wangu. Kwanza tuwekane sawa: mimi ni mwanasaikolojia ninayeshughulika na namna watu wanavyojifunza, si daktari wa sindano, kwa hiyo huko mbele nitakutajia mambo ambayo mwenzangu wa zahanati ndiye wa kuyaangalia. Lakini kwa ulivyojieleza, sioni dalili za ugonjwa wa kusahau. Umekumbuka umesoma desa mara ngapi, mwenzako analala saa ngapi, mazoezi yalikuwa mwisho wa sura, na nani kakushauri nini. Kumbukumbu yako inafanya kazi. Ila haijawahi kupewa ile kazi ambayo mtihani unaidai.

Unachoniuliza hasa, nikikuelewa vizuri, ni hiki: mtu anawezaje kumwaga saa zote hizo na kutoka mikono mitupu, kama kosa si la ubongo wake? Anaweza, tena bila uvivu wowote. Wanaopiga msuli kuliko wote ndio hunaswa zaidi na mtego huu.

Katika maelezo yako kuna maneno niliyoyarudia kuyasoma: "nikilala najua kabisa kwamba nimeelewa." Tuanzie hapo. Ukisoma desa mara ya kwanza, maneno ni mageni na macho yanakwenda kwa kusuasua. Mara ya pili yanateleza. Mara ya nne unajua aya inayofuata inaanzaje kabla hujafunua ukurasa. Ule utelezi ni mtamu, na ubongo huuchukua kama ushahidi kwamba umejua. Kumbe kutambua kitu kilicho mbele ya macho, na kukitoa kichwani wakati hakipo, ni kazi mbili tofauti. Kuna mtu unapishana naye kila asubuhi ukienda darasani. Sura yake unaitambua kutoka mbali. Sasa chukua karatasi uichore. Kalamu inakwama, sivyo? Mtihani haukuonyeshi sura ukaitambua. Unakupa karatasi na kukuambia chora. Wewe umefanya mazoezi ya kutambua mara tano, na ya kuchora hata mara moja.

Jambo hili limepimwa. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, wa Chuo Kikuu cha Washington kilichopo St. Louis nchini Marekani, walichapisha utafiti ambamo wanafunzi walipewa kifungu kifupi wajifunze. Kundi moja lilikisoma katika vipindi vinne mfululizo. Jingine lilikisoma kipindi kimoja tu, kisha katika vipindi vitatu vilivyobaki likawa linaandika kwenye karatasi tupu yale linayoyakumbuka, bila kukiangalia tena. Walipopimwa baada ya dakika 5, waliosomasoma waliongoza: walikumbuka asilimia 83, wenzao 71. Walipopimwa baada ya wiki moja mambo yakageuka: waliosomasoma walibaki na asilimia 40, walioandika kutoka kichwani wakawa na 61. Na sehemu inayokuhusu wewe zaidi ni hii: walipoulizwa mapema watakumbuka kiasi gani baadaye, waliosomasoma ndio waliojiamini kuliko wote.

Wewe unajipima saa nane usiku, dakika tano baada ya kufunga desa. Mwalimu anakupima baada ya wiki kadhaa. Ndiyo maana vipimo viwili vya kichwa kilekile vinatoa majibu yanayopingana, na wewe ukaamini kwamba mtihani una uchawi.

Kwa nini kuandika kutoka kichwani kunasaidia hivyo? Kumbukumbu haikai kama faili kabatini, ukiifungua unaikuta ilivyo na ukiifunga inarudi ilivyokuwa. Kila unapoivuta, unaigusa: njia ya kuifikia inapanuka kidogo, na inajifunga kwenye mambo mengine yaliyokuja nayo, mfano uliotolewa darasani, swali ulilokosea, neno lililokukwama. Safari nyingine una njia nyingi zaidi za kuifikia. Na ukijaribu ukashindwa, kisha ukaangalia jibu, hujapoteza muda. Jibu linaingia vizuri zaidi kwa sababu pengo lake lilikwisha kuwa wazi. Kusoma tena hakugusi hiyo njia, kwa sababu kitu kiko mezani. Hakuna cha kutafuta.

Nakiri nami niliwahi kuwa na madaftari yaliyopakwa rangi ya njano ukurasa mzima. Ukipigia mstari kila kitu, hujachagua kitu.

Kuna la pili: muda ulivyoupanga. Mjerumani Hermann Ebbinghaus alijifanyia majaribio mwenyewe kwa kukariri orodha za silabi zisizo na maana, na mwaka 1885 akachapisha alichokiona. Baada ya saa moja hivi zaidi ya nusu ya kazi yake ilikuwa imekwisha kupotea, lakini baada ya mwezi bado alikuwa na takriban moja ya tano. Yaani kusahau kunaporomoka kwa kasi mwanzoni, kisha kunapungua mwendo. Desa lako lina maana kuliko silabi zake, kwa hiyo halitaporomoka hivyo, lakini mteremko ni uleule. Ukirudia mara tano usiku mmoja, unamwaga maji kwenye ndoo iliyojaa. Marudio hayohayo matano ukiyatawanya, leo, keshokutwa, wiki ijayo, kila moja linakuta umeanza kusahau, na kule kutafutatafuta ndiko kunakojenga. Kwa hiyo ukikaa Alhamisi ukaona ya Jumatatu yamefifia, usifadhaike; umefika wakati mzuri wa kuyavuta.

Sasa takwimu, maana najua inakuuma kuliko lile lingine. Unasema ulifanya mazoezi yote ya mwisho wa sura, nami nakuamini. Tatizo liko kwenye maneno "mwisho wa sura". Mazoezi yaliyo mwisho wa sura fulani yote yanadai njia ya sura hiyo. Hujalazimika hata mara moja kujiuliza, "Hapa natumia njia gani?" Kitabu kimeshakujibu kwa kichwa cha sura. Mtihanini vichwa vya sura vimeondolewa, na kumbe nusu ya kazi ilikuwa kuchagua. Mwaka 2007 Doug Rohrer na Kelli Taylor walionyesha hili kwa wanafunzi waliojifunza kukokotoa ujazo wa maumbo manne yasiyo ya kawaida. Waliofanya mazoezi umbo kwa umbo walipata asilimia 89 wakati wa mazoezi. Waliochanganyiwa maumbo walipata 60 tu na bila shaka walijiona wazito. Wiki moja baadaye kwenye jaribio, waliochanganya walipata 63, na wale wa 89 wakaangukia 20. Nadhani unaiona muhula wako uliopita ndani ya hizo namba. Dawa yake ni nyepesi: nakili maswali kutoka sura tofauti kwenye vikaratasi, bila kuandika yametoka sura ipi, yachanganye, vuta kimoja. Kabla hujakokotoa chochote, sema kwa sauti ni njia ipi na kwa nini. Siku nyingine ishia hapohapo bila kukokotoa. Hilo nalo ni zoezi kamili.

Tuje kwenye kukesha. Mwaka 1924 John Jenkins na Karl Dallenbach walifanya jaribio lililonivutia tangu nilipolisoma, labda kwa sababu lilifanyika katika chuo cha mji mdogo kama chako: Cornell, mjini Ithaca. Wanafunzi wawili tu walikariri orodha za silabi kumi kumi. Mara nyingine walilala baada ya kukariri, mara nyingine waliendelea na shughuli zao za mchana. Baada ya saa 8 za kuwa macho walibaki na takriban silabi moja kati ya kumi. Baada ya saa 8 za kulala walibaki na zaidi ya nusu. Washiriki wawili ni wachache mno, lakini tafiti nyingi zilizofuata zimeelekea upande huohuo. Ukiwa usingizini, sehemu ya ubongo iitwayo hipokampasi, inayopokea mambo mapya ya siku, huyapitia tena na kusaidia kuyahamishia kwenye hifadhi ya kudumu ya tabaka la juu la ubongo. Usingizi mzito unajaa zaidi nusu ya kwanza ya usiku, na ule wa ndoto zaidi nusu ya pili. Ukilala saa tisa ukaamka saa kumi na mbili, umekata kipande kikubwa cha kazi hiyo, halafu unaingia darasani kuongeza mzigo juu ya mzigo ambao haujapangwa.

Kahawa haikusaidii kama unavyodhani. Kadiri unavyokaa macho, kemikali iitwayo adenosini hujilimbikiza ubongoni na kukuletea uzito wa usingizi. Kafeini hukaa kwenye vipokezi vya adenosini na kuizuia isisikike. Uchovu wenyewe haujaondoka, umezibwa mdomo tu. Na mwili wa mtu mzima huchukua kwa wastani kama saa 5 kupunguza kafeini kwa nusu, ingawa watu hutofautiana sana. Kikombe cha saa nne usiku, saa tisa bado nusu yake inazunguka ndani yako. Ukilala nacho, usingizi unakuwa mwepesi hata kama hukuamka. Ukiipenda kahawa, inywe asubuhi.

Kuhusu "mtu wa kujifunza kwa kuona": rafiki yako amesema kitu kinachoaminiwa na watu wengi, walimu wakiwemo. Harold Pashler na wenzake walipoupitia ushahidi mwaka 2008, hawakukuta msingi wa kutosha wa kumgawia kila mwanafunzi mtindo wake. Watu wana wanachokipenda, hilo ni kweli. Lakini mchoro wa moyo unamfaa kila anayejifunza moyo, na matamshi ya lugha sharti kila mtu ayasikie. Somo ndilo linaloamua. Video tazama ukitaka, ila ikiisha ifunge uandike ilichosema, la sivyo ni utelezi uleule, safari hii wenye muziki.

Vidonge acha. Hakuna nilichowahi kukiona kinachompa kijana mwenye afya kumbukumbu ambayo usingizi haumpi, na baadhi ya vinavyouzwa mikononi huwa ni vichangamsho vitakavyokupandisha mapigo ya moyo na kukunyima hata hizo saa tatu unazolala.

Basi wiki sita hizi zifanyeje? Sitakuandikia ratiba ya dakika kwa dakika, kwa sababu nimeziona nyingi zikipendeza ukutani. Badilisha mwisho wa siku yako. Ukitoka kwenye kipindi, kabla hujaingia maktaba, kaa mahali dakika kumi na karatasi tupu uandike kilichofundishwa. Kitakachokosekana ndicho utakachokitafuta maktaba. Hicho tu, si desa zima. Kila unapofungua somo, anza kwa kuvuta la juzi na la wiki iliyopita kabla ya kugusa jipya. Simu iwe chumba kingine au kwa mtu mwingine. Ukiigeuza tu kifudifudi mezani bado inakuita. Ikifika saa nne na nusu, funga. Utajisikia kama unatoroka kazi. Na wiki mbili za mwanzo utajiona umekuwa mjinga kuliko zamani, kwa sababu karatasi tupu haibembelezi kama kalamu ya rangi. Wengi huachia hapo na kurudi kwenye kusomasoma. Vumilia mpaka uone tofauti kwenye jaribio moja, hata dogo.

Mji mdogo unaouona kama gereza una jambo ambalo wanafunzi wa vyuo vikubwa wangelinunua: walimu wanapatikana. Chuo kikiwa na watu wachache, mhadhiri wa takwimu anaweza kukujua kwa sura. Nenda ofisini kwake, lakini usiende kusema "sijaelewa takwimu". Hapo atakosa pa kuanzia. Beba karatasi yako ya mtihani uliofeli na swali moja ulilojaribu, umwonyeshe mstari uliokwama. Muulize kama ulikosea kuchagua njia au kuifuata. Jibu hilo moja linaweza kukuokolea wiki nzima. Sijui ni aibu gani huwafanya wanafunzi wapite mlango huo muhula mzima kama mlango wa polisi.

Wikiendi ni suala jingine, na nadhani ni zito kuliko ulivyoligusa. Mabweni yakibaki matupu, mtu husoma kwa sababu hana la kufanya, na msomaji wa namna hiyo hukaa na kitabu huku akiwaza. Upweke hula usingizi na umakini. Tafuta mtu mmoja au wawili ambao nao hubaki. Katika chuo kidogo hamkosekani. Jumamosi asubuhi kaeni, kila mmoja amfundishe mwenzake mada moja akiwa amefunga daftari. Akikuuliza "kwa nini?" ukababaika, umepata pa kusoma. Kisha mchana tokeni, tembeeni, chezeni mpira, imbeni kwaya, chochote kisicho na mtihani. Usikifanye kuwa zawadi ya kupewa ukimaliza kusoma, maana kusoma hakuishi.

Je, uache chuo? Sikushauri uamue hilo sasa, na sisemi hivi kukufariji. Matokeo uliyonayo yanapima njia uliyotumia ukiwa na usingizi wa saa tatu; juu ya uwezo wako bado hayajasema chochote cha kuaminika. Fanya sapu kwa njia nyingine, ukiwa umelala. Ukishinda, sawa. Ukishindwa, soma kanuni za chuo chako kuhusu kurudia somo, kuahirisha mwaka na kuhama kozi, kwa sababu kila chuo kina zake na tarehe zake za mwisho, kisha ukae na mshauri wa wanafunzi. Kuhama kozi usiyoipenda si kushindwa. Kuhama unayoipenda kwa sababu ya kalamu ya rangi, hiyo ingeniuma.

Nyumbani waambie. Chagua mmoja ambaye ni rahisi kwako, mpigie, mwambie sapu ni mbili, tarehe ni hii, na ninabadilisha hili na hili. Siri yenyewe ni mzigo unaoingia nao kwenye chumba cha mtihani, na hofu ni sehemu ya hicho kichwa cheupe. Mwili ukiwa kwenye taharuki, homoni za msongo huzuia kwa muda kuyavuta hata yale unayoyajua, ndiyo maana jibu hukujia ukiwa mlangoni unatoka. Likikupata, weka kalamu chini, pumua nje polepole mara kadhaa, anza na swali jepesi kuliko yote. Kitu kimoja kikitoka hufungulia vingine.

Kuna hali ambazo hupaswi kuishia kwangu. Kama kwa wiki mbili au zaidi umekuwa na huzuni karibu kila siku, hamu ya chakula imebadilika, au yaliyokuwa yanakufurahisha hayakugusi tena, nenda kwa mshauri nasaha wa chuo au zahanati. Kama ukipanda kitandani mapema bado usingizi hauji, usiku tatu au zaidi kwa wiki, na hali inaendelea kwa miezi, nayo inatibika, tena mara nyingi bila dawa. Kama tangu utotoni umekuwa huwezi kutulia na jambo moja, si kwenye masomo tu, omba upimwe. Kichwa kuuma ukisoma kunaweza kuwa macho. Uchovu usioisha hata ukilala vizuri kunaweza kuwa upungufu wa damu au tezi ya shingoni, na kipimo cha damu kitasema. Na kama yale mawazo ya wikiendi yameanza kukuambia kwamba afadhali usingekuwepo, usisubiri Jumatatu. Mwambie mtu aliye karibu nawe sasa hivi, muende pamoja hospitali siku hiyohiyo.

Nimebakiza mwenzako wa chumbani. Umempima kwa saa anazokaa na kitabu, na saa za kulala, lakini hukuniambia hizo saa tatu anazitumiaje. Mwangalie vizuri, au bora umuulize. Sitashangaa ukigundua kwamba sehemu kubwa ya muda huo daftari lake huwa limefungwa.